Mwongozo kamili: Kufungua tena shule maalumu wakati wa ugonjwa wa mlipuko

Shule zikifungwa kwa sababu ya ugonjwa na kufunguliwa tena, mwalimu mkuu wa shule maalumu hupokea waraka uleule unaokwenda kwa shule nyingine zote: umbali wa mita moja, barakoa, kunawa, hakuna kugusana. Waraka unabandikwa ukutani, na ndani ya wiki ya kwanza unashindikana. Mwanafunzi asiyeona anasoma kwa vidole. Kiziwi asiyeona anazungumza kwa kushikana mikono. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo analishwa, anavalishwa na kubadilishwa nepi. Ukimwambia mlezi wake asiguse, umemwambia aache kazi.

Hapo shule nyingi huangukia pabaya. Ama zinaacha kanuni zote kimyakimya, ama zinawaambia wazazi wa watoto wanaohitaji msaada mkubwa wakae nao nyumbani "mpaka hali itulie". Mtoto wa aina hii akikaa nyumbani muda mrefu hupoteza mambo yaliyomchukua miaka kuyapata.

Mwongozo huu unashika njia nyingine: kugusa hakukatazwi, kunapangwa. Unajua nani anamgusa nani, saa ngapi, na mikono inanawiwa wapi kabla na baada. Umeandikwa kwa walimu wakuu, walimu na walezi wa shule maalumu na vitengo maalumu, wa bweni na wa kutwa.

Tahadhari kabla ya yote. Mwongozo unahusu magonjwa ya njia ya hewa kama Korona. Kwa magonjwa yanayoenea kwa kugusa ngozi au majimaji ya mwili, kama mpox, Ebola, au Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, usiutumie. Hapo fuata maelekezo ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, au ofisi ya afya ya kaunti ukiwa Kenya.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza tarehe

Usitangaze tarehe kwanza ukatafuta vitu baadaye. Mzazi akishakopa nauli, hatarudi nyuma.

- Maji na sabuni. Watoto 60, kunawa mara 8 kwa siku, nusu lita kila mara: hizo ni lita 240 kwa siku, kabla ya kupika, kuoga na kufua. Kama tangi halitoshi, tatizo lako la kwanza ni tangi.
- Vituo vya kunawia vya urefu tofauti. Kibuyu chirizi cha kukanyaga kwa mguu ni kizuri, lakini mtoto wa kiti mwendo hawezi kukikanyaga. Tengeneza angalau kimoja cha chini, chenye bomba la mkono mrefu linalosukumwa kwa kiwiko. Kila kituo kiwe kivulini. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Barakoa za kitambaa, tatu kwa kila anayeweza kuvaa, na za kufunga kwa kamba nyuma ya kichwa kwa wanaovaa vifaa vya kusikia.
- Barakoa zenye dirisha la plastiki angavu mdomoni kwa walimu wa viziwi. Fundi cherehani yeyote anaweza kuzishona.
- Klorini ya usafi, vitambaa na glavu. Kama chupa inaonyesha asilimia 3.5, kipimo 1 cha klorini kwa vipimo 34 vya maji hutoa asilimia 0.1 kwa meza, vitasa na reli. Kipimo 1 kwa 6 hutoa asilimia 0.5 kwa sehemu yenye matapishi au kinyesi. Changanya upya kila siku.
- Aproni na taulo ndogo nyingi kwa walezi wanaolisha, na mfuko wenye kifuniko wa kuwekea zilizotumika.
- Kipimajoto, daftari la afya, na namba ya simu ya mzazi pamoja na jirani yake.

Klorini isichanganywe na dawa nyingine ya chooni, isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, na asipuliziwe mtoto yeyote mwilini. Kupulizia watu klorini getini huumiza macho na mapafu, na hakuondoi virusi vilivyo ndani ya mwili.

## Hatua ya 1: Piga simu kila nyumba, wiki tatu kabla

Usitume ujumbe peke yake. Ujumbe husema tarehe, na wewe unachotaka ni kujua mtoto anayerudi yuko katika hali gani. Anza kwa heshima: "Shikamoo mama, mimi ni mwalimu wake wa darasa. Habari za siku nyingi? Mwanetu anaendeleaje?" Kisha uliza taratibu:

- Bado anakula mwenyewe? Akitaka choo anaonyesha?
- Dawa ya kifafa imekatika? Kwa muda gani?
- Kiti mwendo bado kinamtosha? Mpira wa kifaa cha kusikia haujawa mdogo? Miwani ipo?
- Ana kidonda popote, hasa makalioni au kisiginoni?
- Nani alikuwa anabaki naye mchana?

Kila swali lina sababu. Mtoto hukua: kiti kilichomfaa mwezi Machi kinaweza kumchubua mwezi Desemba, na mpira wa sikio uliolegea hupiga filimbi mpaka mtoto anauvua. Dawa ya kifafa ikiwa imekatika, usimwambie mzazi aanze tena kwa dozi ya zamani. Mtoto apite kliniki kwanza, kwa sababu dawa nyingine huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa.

Swali la mwisho ndilo zito. Watoto wenye ulemavu, wavulana kwa wasichana, huachwa na watu wa kila namna mchana kutwa, na wengi hawana namna ya kusimulia yaliyowapata. Ukihisi jambo, usimhoji mama mbele ya familia. Wasiliana na ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya kumsaidia mtoto Tanzania na Kenya. Msichana aliyepata mimba aambiwe wazi kuwa nafasi yake ya masomo ipo.

Kwa mwanafunzi kiziwi, omba simu ya picha uzungumze naye mwenyewe kwa lugha ya alama. Nyumba nyingi hazijui alama zaidi ya "kula", "njoo" na "hapana". Mama atakuambia "hajambo, anakula vizuri", na ni kweli anavyoona, ilhali mtoto hajafanya mazungumzo kamili tangu shule ifungwe.

Imekamilika pale kila jina kwenye rejesta lina ukurasa wake, na unajua nani anahitaji kliniki kabla ya kusafiri.

## Hatua ya 2: Hesabu nafasi kwa vitanda na walezi

Madarasa yetu ya elimu maalumu mara nyingi yana watoto wachache. Msongamano uko bwenini.

Chukua futi ya fundi. Bweni la mita 12 kwa 6, vitanda vya upana wa sentimita 90, nafasi ya mita 1 kati ya kitanda na kitanda: ukuta mmoja mrefu unabeba vitanda 6, kuta mbili 12. Sehemu za juu za vitanda vya ghorofa ziache wazi. Hao ni watoto 12, hata kama bweni lilikuwa likilaza 40. Walale mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya mwenzake, na madirisha yawe wazi usiku. Vyandarua vibaki, malaria haijaenda likizo.

Baada ya vitanda, hesabu mikono. Ukiwa na walezi wanne na watoto kumi wanaolishwa, usipokee ishirini kwa sababu vitanda vipo.

Basi rudisha kwa awamu. Serikali kwa kawaida hutanguliza madarasa ya mitihani, na utatii. Nafasi zinazobaki usizigawe kwa umri. Wape kwanza watoto ambao kila wiki nyumbani inawarudisha nyuma: viziwi wadogo wanaoanza lugha, viziwi wasioona, na wale ambao simu ya hatua ya 1 ilionyesha hawako salama.

## Hatua ya 3: Walezi na wapishi watangulie siku tano

Mlezi ndiye anayekaa karibu na mtoto kuliko mwalimu yeyote, na ndiye anayesahaulika kwenye semina. Waite kabla ya wanafunzi. Wafanyie mazoezi kwa vitendo: kunawa hadi kwenye vifundo vya mikono na chini ya kucha, kuvaa na kuvua aproni, kuchanganya klorini.

Kisha gawa makundi. Kila mlezi apewe watoto wake wachache, awaogeshe, awalishe na awalaze haohao. Makundi yasibadilishane walezi. Ugonjwa ukiingia, unaingia kundi moja na unajua pa kuangalia. Mlezi asiyejisikia vizuri akae nyumbani *na mshahara wake usikatwe*. Ukiukata, atakuja na homa amemeza panadoli, na hutajua.

## Hatua ya 4: Geuza kila kanuni ya waraka iwe kitendo kinachowezekana

Hapa ndipo shule nyingi hukwama, kwa hiyo tumia muda. Keti na walimu, someni waraka mstari kwa mstari, na kwa kila mstari muulizane: kwa mtoto huyu, hili linafanyikaje?

### Wasioona na wenye uoni hafifu

Sote tulifundishwa kukohoa kwenye kiwiko. Lakini asiyeona anapoongozwa hushika kiwiko cha kiongozi wake, yaani palepale tulipokohoa. Wafundishe wote kuongozana kwa bega, na kiongozi avae barakoa.

Kunawa ni kabla na baada ya kusoma nukta nundu (Braille), maandishi ya kusomwa kwa vidole. Vitabu vya nukta nundu usivipulizie kitu, karatasi ikilowa nukta zinalala. Mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, ifutwe vitufe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo tu, usimimine. Fimbo nyeupe ifutwe mpini na ncha kila anaporudi bwenini.

Mishale iliyopakwa sakafuni haimsaidii asiyeona. Na ukishahamisha madawati ili kupata umbali, umefuta ramani aliyo nayo kichwani. Mtembeze kila mmoja upya, darasani, chooni, kituo cha kunawia, mpaka aende na kurudi peke yake.

### Viziwi

Barakoa ya kawaida inaficha sehemu ya lugha ya alama, maana mdomo na mashavu ni sehemu ya sarufi yake, na inamfungia kabisa anayesoma midomo. Mwalimu avae yenye dirisha. Likipata ukungu, paka ndani tone la sabuni ya maji, ifute ikauke. Kama huna, simama mita mbili, fungua madirisha yote, tumia ngao ya uso, na pangeni viti nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya wenzake.

Ukifundishia nje chini ya mti, jua lisiwe nyuma yako. Utaonekana kivuli kitupu. Badala ya kumgusa bega mwanafunzi ili akutazame, punga mkono au washa na kuzima taa.

Kifaa cha kusikia kifutwe kwa kitambaa kikavu. Spiriti na maji hukiharibu. Aliyepaka kitakasa mikono asubiri kikauke kabla ya kushika kifaa.

### Viziwi wasioona

Hapa mguso ndio lugha. Usiupunguze. Mpe mwanafunzi watu wawili tu wa kuzungumza naye kwa mikono, wote wavae barakoa, na wote watatu wanawe kabla na baada ya kila kipindi. Barakoa na sabuni vyenyewe mpe avishike, avinuse, ajue ni nini, kabla ya mtu kumkaribia amevaa kitu kipya usoni. Akikosa maelezo hayo, mtu aliyemfahamu ananukia klorini na hana sura, na mtoto atapigana.

### Ulemavu wa akili na usonji

Barakoa si lazima kwa kila mtoto. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri tangu Agosti 2020 kwamba watoto wa miaka 5 kushuka chini wasilazimishwe, na wenye ulemavu mkubwa wa akili au shida ya kupumua wasilazimishwe pia. Wafundishe wanaoweza, kidogo kidogo: leo aishike, kesho aiweke shavuni, keshokutwa aivae huku mnahesabu hadi tano. Asiyeweza, wewe uliye naye ndiye unayevaa. Kamwe usimfunge mtoto barakoa asiyoweza kuivua mwenyewe.

Kitakasa mikono kifungiwe kabatini, maana kuna watakaokinywa. Kwa anayeweka mikono mdomoni, tumia maji na sabuni tu.

Mwenye usonji aone mabadiliko kabla hayajamfika. Mtumie mzazi picha za geti, kituo cha kunawia na mwalimu akiwa amevaa na akiwa amevua barakoa, azitazame na mtoto kila jioni kwa wiki nzima.

### Mtindio wa ubongo, mgongo wazi na ulemavu wa viungo

Mwenye udenda mwingi asivae barakoa. Ikilowa humzuia kupumua. Taulo yake ya udenda ibadilishwe mara kwa mara na iingie moja kwa moja kwenye mfuko wenye kifuniko. Wakati wa kulisha, mtoto akae wima, mlezi akae ubavuni kidogo, asimkabili uso kwa uso, maana mtoto wa namna hii hupaliwa na kukohoa. Usiharakishe kijiko kwa hofu ya ugonjwa. Kupaliwa ni hatari iliyo karibu zaidi.

Kwa anayetolewa mkojo kwa mpira, kunawa kwa mlezi ni lazima kila mara. Mipini ya kiti mwendo ifutwe kila anapobadilika msukumaji, na pete za magurudumu kila anayejisukuma anapoingia darasani au kulala.

### Wenye ualbino

Foleni ya kunawa juani, darasa la nje, kupimwa joto getini saa nne asubuhi: kinga ya ugonjwa mmoja inaweza kuwa njia ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana vituo vyote viko kivulini. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kujikinga na jua yapakwe upya baada ya kunawa uso. Hakikisha akiba ya mafuta mapema. Tanzania kuna yanayotengenezwa Moshi, Kilisun, na usambazaji wake hutegemea kliniki zinazofika shuleni.

Utajua hatua hii imekamilika mlezi yeyote akiulizwa "kwa mtoto huyu, unafanyaje?" anajibu bila kwenda kutazama ukuta.

## Hatua ya 5: Andaa chumba cha mgonjwa kinachomfaa mtoto husika

Chumba chenye dirisha, choo chake, na kitanda cha mlezi. Mtoto hatengwi peke yake. Kiziwi asiwekwe na mtu asiyejua alama, na taa iwepo usiku, kwa sababu gizani hana lugha. Asiyeona atembezwe chumbani humo *akiwa mzima*, ajue mlango ulipo. Mwenye kifafa aende na dawa zake na ratiba yake. Mlango usifungwe kwa kufuli kwa sababu yoyote.

Chunguza zaidi ya homa. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia kifua kinambana. Dalili yake ni kukataa uji, kulala mchana, kujipiga, kupumua kwa mbavu. Watoto wenye Down (hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada), wengi wao wakiwa na matatizo ya moyo, wapelekwe kituo cha afya mapema, wasisubiri.

## Hatua ya 6: Siku ya kupokea

Gawa saa: kundi moja asubuhi, jingine mchana. Msindikizaji aishie kwenye banda la mapokezi, akae chini, anywe maji, ahojiwe kwa utulivu, dawa zipokelewe na kuandikwa mbele yake. Kisha mlezi wa kundi amchukue mtoto. Mwache mzazi aage. Kuagana kwa haraka huzaa usiku mzima wa kilio.

Wanaotoka mikoa ya mbali wafike siku moja kabla ya kundi lao, wapumzike, na mkague ngozi za wanaokaa kwenye viti. Safari ya basi ya saa kumi inatosha kufungua kidonda.

## Hatua ya 7: Wiki mbili za kwanza, acha mtihani

Usianze silabasi ulipoishia. Vipindi vya redio na televisheni vilivyorushwa wakati shule zimefungwa havikumfikia kiziwi bila mkalimani, wala asiyeona pale mwalimu aliposema "tazameni mchoro huu". Usidhani kuna alichosoma.

Tazama na uandike: kasi ya kusoma nukta nundu kwa dakika moja, alama anazokumbuka, kujilisha, kwenda choo, kukaa kitini kwa muda gani. Linganisha na kumbukumbu za kabla ya kufungwa, kisha andika malengo mapya ya kila mtoto, machache, ya mwezi mmoja. Kwa viziwi wadogo, wiki hizi ziwe za mazungumzo tu. Wape watu wazima viziwi wa jirani nafasi ya kuja kusimulia hadithi.

Mtoto aliyerudi akijikojolea asiaibishwe. Anza naye ratiba ya choo kila saa mbili. Wengi hurudia uwezo wao ndani ya majuma machache.

## Hatua ya 8: Wanaobaki nyumbani wabaki kwenye rejesta

Wapo ambao daktari atasema wasirudi kwanza. Wapangie mwalimu mmoja mwenye jina, siku moja ya wiki isiyobadilika, simu au ziara. Kazi unazotuma zitokane na vitu vya nyumbani: kupepeta mchele, kuhesabu ndizi, kukunja kanga, kumenya maharage. Kwa kiziwi, tuma video fupi za alama mpya tano, na mwombe kaka au dada ajifunze pamoja naye. Asiyeona apewe kibao na kalamu ya kuchomea nukta, na karatasi za kutosha.

## Hatua ya 9: Begi la kuondokea, liwe tayari kuanzia siku ya kwanza

Agizo la kufunga linaweza kuja jioni, watoto waondoke kesho yake. Kila mtoto awe na begi lenye jina lake, likaguliwe kila Ijumaa:

- dawa za miezi miwili pamoja na cheti cha daktari;
- betri za kifaa cha kusikia, au mafuta ya jua, au mipira ya mkojo, kwa anayehitaji;
- karatasi moja inayoeleza anavyolishwa, anavyokaa, anavyoomba choo, na alama zake kumi za kwanza zilizochorwa;
- kazi za wiki nne;
- namba ya mwalimu wake, ya ustawi wa jamii, na 116.

Kifaa cha kusikia kikienda likizo bila mtu wa kukitumia, toa betri. Ikivuja humo ndani, kifaa kimekufa. Karatasi ya maelezo isomwe kwa sauti pamoja na mzazi kabla hajaondoka, na umwombe aonyeshe kwa vitendo anavyomkalisha mtoto wakati wa kula. Akikosea, rekebisheni papo hapo, getini, kabla basi halijafika.